Soko Jipya Lililokaa Tupu

Nasikia mwaka huu ninyi wasimamizi wa miji midogo mmepewa pikipiki, simu za kazi na makoti yenye maandishi mgongoni. Hongereni sana. Mimi nilipopelekwa kufanya kazi kando ya ziwa nilipewa funguo tatu, mbili kati yake hazikufungua kitu chochote, na trekta moja la taka lililowaka likipenda. Sasa nimestaafu, nimerudi kwetu Kuria, nina ng'ombe wawili na shamba la mahindi. Juzi kijana mmoja wenu, aliyepewa mji mdogo huku Migori, alinipigia simu akauliza, "Madam, ukiletea watu mradi mzuri halafu wakatae kuutumia, unafanya nini?" Nilicheka mpaka mahindi niliyokuwa nikipukuchua yakamwagika. Sikumcheka yeye, nilijicheka mwenyewe. Nikamwambia jibu lake ni refu, haliwezi kuingia kwenye simu, nitaliandika ili na wenzake wasome.

Jina la mji nilikofanya kazi sitalitaja, maana watu wake wangali hai na wana simu. Jueni tu kwamba ni mji mdogo wa ziwani, si mbali sana na Kendu Bay, wenye barabara moja ya lami, ufuo wa samaki, shule mbili na makanisa mengi kuliko maduka. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja na nusu. Ile nusu ilikuwa stoo, na popo walishaitwaa kabla yangu.

Mimi ni Mkuria, na Kidholuo, lugha ya wenyeji, nilijifunza polepole na vibaya. Kazi niliifanya kwa Kiswahili, wenyeji wakanijibu kwa Kiswahili chao, tukaelewana. Waliniita Nyar Kuria, yaani binti wa Kuria, tangu juma la kwanza. Mwanzoni jina hilo lilinikera kweli, kwa sababu nilitaka kuitwa Madam Administrator. Siku hizi mtu akiniita kwa jina la kwenye cheti nageuka kutazama nyuma, nione anaitwa nani.

Aliyenifundisha kazi si chuo. Ni Mzee Ogweno, msimamizi wa soko, ambaye pia alikuwa dereva wa trekta na mpiga kipaza sauti, kwa kuwa mji ule ulikuwa na kazi nyingi na watu wachache wa kuzifanya. Alivaa gamubuti, vile viatu virefu vya mpira, kiangazi na masika. Ndani ya gamubuti ya kushoto aliweka kila kitu: kalamu, vitambulisho, karatasi, hata kipande cha muwa. Ukimwomba risiti aliinama kwanza. Nilimwona mtu mshamba, na yeye nadhani aliniona mtoto, lakini kila asubuhi alinipa somo moja bila kuombwa.

"Madam, usiitishe mkutano asubuhi," aliniambia. "Asubuhi omena inatoka ziwani. Nani atakuja kukusikiliza?"

Siku nyingine: "Ukienda kukagua choo ya soko, ingia ndani. Usisimame mlangoni na kalamu."

Na hili liandikeni mahali: "Mtu wa hapa akikwambia 'tutaona', hiyo ni hapana. Akikwambia 'hakuna shida', shida iko, na ni kubwa."

Trekta lile lilikuwa na ugonjwa wa kutowaka kwa ufunguo. Ogweno aliliegesha kila jioni kwenye mteremko wa kando ya kanisa, asubuhi akaliachilia lishuke lenyewe mpaka likohoe na kuwaka. Kama mtu aliegesha gari chini ya mteremko, siku hiyo mji mzima haukuzolewa taka. Wakubwa wa makao makuu walileta fomu ya kuuliza hali ya mitambo yetu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, "nzima" na "mbovu". Nikamuuliza Ogweno niweke alama wapi. Akafikiri, akasema, "Andika: inategemea mteremko." Hapakuwa na kisanduku cha hilo, nikaweka alama kwenye "nzima", na kwa kuwa tulisema ni nzima, fundi hakuletwa miaka yote. Kosa hilo ni dogo, nalitaja ili mjue kwamba la kubwa lilikuwa na ndugu zake.

Sasa nifike sokoni.

Akina mama wa mji wetu waliuza bidhaa zao konani, pale barabara ya lami inapopinda kuteremka kuelekea ziwani. Omena, hao dagaa wa ziwani, samaki mbuta wa kukaanga, nyanya kutoka Oyugis, viazi vitamu, kila kitu kilitandazwa juu ya magunia hatua mbili tu kutoka kwenye magurudumu. Malori ya miwa yalipita yakiwapulizia vumbi usoni. Wateja walipenda pale kwa sababu gari linasimama, unanunua kupitia dirishani, unaondoka. Mimi sikulala vizuri nikipafikiria. Niliandika barua baada ya barua, nikaenda kusubiri kwenye korido za wakubwa, mpaka siku moja soko jipya likaidhinishwa, na mwisho likajengwa kweli. Paa refu la mabati, meza sitini za saruji, mabomba, vyoo, geti. Lilipomalizika nilitembea ndani peke yangu nikigusa meza moja moja. Nilijisikia furaha ambayo sijawahi kuipata tena kazini.

Ikabaki kugawa meza. Siku hiyo Ogweno aliingia ofisini, akainama, akatoa karatasi kwenye gamubuti. Ilikuwa nyuma ya ukurasa wa kalenda.

"Madam, hiyo soko ni kama boma mpya," alisema. "Kuna namna ya kuingia."

Nilimkatiza. Nakumbuka mpaka sauti niliyotumia, na ninaona haya. Nilimwambia, "Mzee Ogweno, mambo ya mila tuyaache nje ya ofisi hii. Hapa tunafuata utaratibu." Akaikunja karatasi, akairudisha kwenye gamubuti, akatoka.

Lazima niwaeleze kwa nini nilisema vile, msije mkadhani ni ujinga mtupu. Mama yangu alikuwa mke wa pili. Kwetu, kama ilivyo kwa jirani zetu wa ziwani, mke mkubwa ndiye huanza kupanda. Mwaka mmoja mke mkubwa aliugua, mvua ikaja, na mama yangu akakaa siku nyingi na mbegu kwenye ungo akitazama mvua nzuri ikipotea, kwa sababu hakuweza kumtangulia. Mwaka ule tulivuna kidogo na tulikula kidogo. Nilikuwa msichana, nikajiapiza kwamba nikiwa mkubwa sitamfanya mtu yeyote asubiri kwa sababu alizaliwa au aliolewa baadaye. Kwa hiyo nilipopata madaraka yangu madogo, nilichagua karai. Tuliandika namba moja hadi sitini kwenye vikaratasi, tukavikunja, tukavitia kwenye karai la mjenzi, kila mama akaokota chake. Niliona haki imetendeka, na nikajipongeza.

Namba moja, meza ya kwanza getini, aliiokota Mama Silpa, muuza nyanya. Namba arobaini na tatu, nyuma kabisa karibu na vyoo, iliangukia kwa Mama Dorina, muuza omena, mwanamke mkongwe kuliko wote pale konani. Hawa wawili walikuwa wake za mvuvi mmoja aliyekwisha kufariki. Dorina ndiye mkubwa, wanayemwita mikayi. Silpa alimfuata. Waliuza bega kwa bega miaka mingi na sikuwahi kuwasikia wakigombana. Nilipotangaza namba zao, kila mtu alipiga makofi. Mama Silpa alikishika kile kikaratasi kwa ncha za vidole, nami nikadhani ni furaha.

Sherehe ya kufungua ilifana. Mheshimiwa alikata utepe, kwaya ikaimba, soda zikanywewa. Jumatatu iliyofuata nilifika sokoni mapema nikiwa nimevaa kitenge kipya, nikasimama getini kuwapokea. Hakuja mtu. Nilisimama mpaka jua likanichoma, ndipo nikaenda konani, nikawakuta wote sitini kwenye magunia yao, wakinisalimia kwa heshima kubwa.

"Kwani kuna shida gani na soko?" niliuliza.

"Hakuna shida, Nyar Kuria," walisema.

Vijana wangu, hapo ningelikumbuka somo la Ogweno, msingekuwa mnasoma haya.

Niliitisha mkutano na kuwabana wanipe sababu, na kwa kuwa niliwabana, wakanipa. Mama mmoja alisema ndani kuna giza. Niliandika barua, taa zikaletwa. Mwingine alisema wateja hawajui soko liko wapi, nikaletewa kibao kikubwa chenye mshale. Mwingine akasema saruji ni baridi kwa samaki, nikaleta turubai. Mwingine, huyu namkumbuka kwa upendo, alisema soko limekaa kimya mno na nyanya zinachoka. Hata hilo niliandika. Kila kisingizio nilikipa namba na jalada, na kila kimoja serikali ilikitatua, mpaka soko letu likawa zuri kuliko masoko yote ya eneo lile, na ndani yake walikuwa wakiishi mbuzi watatu. Mama Silpa, kila nilipomuuliza habari za meza namba moja, alikuwa na homa. Sijapata kuona homa ndefu namna ile.

Uvumilivu wangu ulikwisha. Nikampa Ogweno tangazo, akazunguka nalo juu ya trekta na kipaza sauti chake, na mwisho wa tangazo niliweka methali: mkataa pema pabaya panamwita. Alilisoma lote bila kubadilisha neno. Konani walimsikiliza, wakaendelea kupima omena kwa mikebe yao.

Kisha ikaja barua ya makao makuu. Soko likiwa tupu kufikia Ijumaa saa sita mchana, lingepewa mfanyabiashara mmoja wa mjini kuwa ghala lake la saruji, na wauzaji wa konani wangeondolewa kwa nguvu, kwa askari na tingatinga. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi yangu. Nikiitia, akina mama sitini wangekosa kona na wangekosa soko, siku moja. Nikikataa kuitia, angekuja mwingine wa kuitia. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba, na kila nilipotoa leso ilinigusa vidole.

Jumanne ya juma lilelile, mchana mweupe, lori la miwa lilishika breki konani zisishike. Dereva alijitahidi, akalielekeza kwenye mtaro, lakini sehemu ya nyuma ilipita juu ya magunia. Akina mama walikimbia. Mama Dorina hakuwa wa kukimbia tena. Hakufa, namshukuru Mungu mpaka leo, ila mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili. Nilifika nikakuta omena na miwa vimetapakaa barabara nzima, na kanga yake imenasa chini ya gurudumu. Niliketi kando ya mtaro nikalia mbele ya watu, mimi Madam Administrator. Ile methali yangu ya kipaza sauti ilikuwa inanirudia masikioni, na nikaona haya kama mtu aliyemwapiza mama yake.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Mama Dorina alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta tangu pajani, na Mama Silpa ameketi kando akimnywesha uji kwa kijiko. Nilisalimu, nikashindwa kuvumilia.

"Mama Silpa, wewe ulikuwa na namba moja. Kama ungeingia siku ile ya kwanza, wote wangekufuata, na leo mguu huu ungekuwa mzima. Kwa nini hukuingia?"

Aliweka kijiko chini. "Niingie aje na mikayi yuko nje? Hiyo soko ni boma mpya, Nyar Kuria. Mimi bibi ya pili nitangulie, nifungue mlango? Hiyo ni chira naitafutia watoto wangu."

Chira, kwa ambao hamjui, ni balaa linaloandama nyumba iliyovunja mwiko, watu wakakonda na kwisha. Unaweza kuiamini au usiiamini. Mama mwenye watoto haichezei.

"Na hao wengine hamsini na wanane?"

"Mama Dorina ndiye alianza kuuza pale kona. Sisi wote tulimkuta. Nani atamruka?"

"Mbona hamkuniambia?" Sauti yangu ilikuwa imepanda, muuguzi akanitazama.

Mama Dorina akacheka, akashika mguu kwa maumivu, akaendelea kucheka. "Nyathina," aliniita, yaani mwanangu, "wewe uliuliza soko iko na shida gani. Soko haikuwa na shida."

Nilichukua kalamu. Ndiyo, hata pale nilitoa kalamu, mazoea yana tabu. Nikasema, "Basi nitabadilisha. Nitakupa wewe namba moja, Mama Silpa atapewa arobaini na tatu."

"Nani amesema namba?" Alishangaa kweli. "Namba ni ya serikali, weka kwa kitabu yako. Mimi nakaa huko nyuma, karibu na choo, na hii miguu yangu ni sawa tu. Sisi tunasema kuingia. Niingie mbele, niweke karai chini, hawa waingie. Basi."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Taa, kibao, turubai, mikutano, majalada, barua, kumbe ilikuwa jambo la nusu saa. Halafu akaniuliza swali ambalo nimetembea nalo mpaka kustaafu. Aliuliza kwa upole, bila kunilaumu.

"Kwani huko kwenu hakuna bibi mkubwa?"

"Yupo."

"Kwa hivyo ulijua."

Nikasema ndiyo, nilijua. Nilijua tangu Ogweno alipoinama kwenye gamubuti. Nilijua, na sikutaka kujua, kwa sababu ya mvua ile ya mama yangu iliyopotea. Ningekuwa mgeni kabisa wangenisamehe haraka. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa ndani ya shuka yangu mwenyewe.

Jioni nilimtafuta Ogweno, nikamkuta akifunga geti la soko tupu. Nikamuuliza kwa nini naye alinyamaza miezi yote hiyo akiniona nazunguka na taa na turubai.

"Uliniambia nisilete mila ofisini," alisema. "Sikuleta."

Aliinama, akanipa ile karatasi ya kalenda, imekunjamana na kunuka gamubuti. Nilitegemea orodha ndefu ya koo na miiko. Palikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko wake mkubwa: Dorina aingie kwanza, wengine watafuata. Nimeitunza karatasi hiyo. Vyeti vyangu viko kwenye sanduku, karatasi hiyo iko kwenye Biblia.

Sasa tulikuwa na siku moja na nusu, na mwanamke pekee aliyeweza kufungua soko alikuwa na mguu usiokunjika. Daktari alikubali kumruhusu Ijumaa asubuhi, kwa sharti asikanyage chini. Matatu haikuweza kumchukua, mguu ule ungeziba mlango. Ambulansi ilikuwa moja na ilikuwa imekwenda na mama wa kujifungua. Nikamtazama Ogweno, Ogweno akanitazama.

"Inategemea mteremko," alisema.

Alhamisi nzima alisugua tela la trekta kwa sabuni na majivu, tela lililobeba taka za mji ule tangu kabla yangu. Akina mama walilitandika kanga. Ijumaa Ogweno aliliachilia kwenye mteremko wa kanisa, likashuka kimya, likapita duka la kwanza, la pili, nami nikaanza kuomba kwa Kikuria, mpaka karibu na kinu cha kusaga likakohoa na kuwaka. Mji mzima ulipiga kelele.

Mama Dorina aliketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya tela, mguu umenyooshwa juu ya gunia la viazi vitamu, na mapajani amepakata karai la omena. Nilimwambia aache karai, akanitazama kama niliyesema tusi. Huingii boma jipya mikono mitupu. Mama Silpa alisimama nyuma yake ameshika kiti, na wengine wakafuata kwa miguu na mizigo yao vichwani. Hapakuwa na mtu konani. Kwa mara ya kwanza tangu niujue mji huo, kona ilikuwa tupu.

Getini tulikuta lori la askari na tingatinga. Kiongozi wao, kijana nadhifu, alinifuata na faili.

"Madam, saa sita inafika. Tuko na order. Nahitaji tu hiyo sign yako."

"Ngoja."

"Madam, mimi nimetumwa tu."

"Hata mimi nilitumwa, mwanangu. Ngoja nusu saa."

Tela halikupita getini, lilikuwa pana kuliko geti. Na geti hilo nililipima mwenyewe. Lakini Mama Silpa hakusubiri niseme. Alishika mguu mmoja wa kiti, wengine watatu wakashika iliyobaki, wakamwinua Mama Dorina juu, plasta ikitangulia, na wakasimama kwenye mstari wa geti. Pale wakamtua kidogo, miguu miwili ya kiti ndani. Akasema maneno machache kwa Kidholuo, polepole, sikuyaelewa yote. Kisha wakamwinua tena na kumpitisha kati ya meza zote za saruji, namba moja, namba mbili, namba kumi, mpaka nyuma kabisa karibu na vyoo. Akaweka karai lake juu ya arobaini na tatu.

Aligeuka akatazama getini. "To biuru," alisema. Njooni basi.

Mama Silpa alirudi mbio mpaka getini, akatoka nje, akaingia upya na nyanya zake, kwa sababu aliyembeba mtu hajaingia bado. Baada yake wakaja wote. Ilikuwa kelele, vicheko, magunia, mtu anauliza thelathini na nane iko wapi, mbuzi watatu wanafukuzwa. Saa sita ilipofika sikuona meza tupu. Yule kijana wa askari alifunga faili, akauliza mbuta ni bei gani. Kwenye ile barua ya makao makuu, mahali pa sahihi, niliandika maneno mawili: Soko limejaa.

Mama Dorina aliniita. "Nyar Kuria, nunua wewe wa kwanza." Nikanunua omena, akanipimia mkebe na kuongeza nyongeza kubwa, mimi niliyempeleka chini ya lori.

Mguu ule ulipona mfupi. Miaka iliyobaki alitembea kwa fimbo, akichechemea kila asubuhi kupita meza zote hadi arobaini na tatu, na kila nilipomwona nilijua nani aliufupisha. Hakuwahi kunitajia. Ningependa angenitajia hata mara moja, pengine moyo ungepoa. Amekwisha kufariki, na Ogweno pia. Nawakumbuka sana hao wawili. Nakumbuka hata ile harufu ya karatasi zilizotoka kwenye gamubuti. Siku hizi nasikia mnaita mikutano kwa kundi la simu na watu wanajibu kwa kidole gumba. Ni vizuri, inaokoa muda. Sisi muda wetu uliisha barabarani na kwenye korido, na sitaki kuwadanganya kwamba ulikuwa mtamu wote. Ila natamani siku moja tu niamke nisikie trekta lile likishuka kimya kando ya kanisa, nisijue kama litawaka.

Karai lilikuwa la haki, bado naamini hivyo. Namba za karai zilibaki, hakuna aliyezikataa. Nilichokosea ni kudhani kwamba nikimsikiliza Ogweno ningekuwa nimerudi kumsubirisha mama yangu mvuani. Wangenieleza tofauti kwa dakika moja, kama ningekuwa nimemwacha mzee amalize sentensi yake.

Sasa kijana wangu wa simu, uliyeniuliza juzi. Kabla hujakata, nilikuuliza swali moja, unalikumbuka. Nilikuuliza kama kuna mzee wa pale pale, mfagiaji au mlinzi au mpiga kengele, aliyewahi kuja ofisini kwako na neno kuhusu mradi huo. Ukasema, "Alikuja, Madam. Nilimwambia aandike kwa email."

Mtafute leo. Usimpigie simu, nenda kwa miguu, na kalamu uiache ofisini.